Mzigo wa Mama Ndani ya Chumba Kisicho na Kona

Ukifika pale kwa mara ya kwanza watakuketisha kwenye benchi la zege linalotazama mti wa parachichi, nawe utadhani kila aliyeketi hapo anajua kwa nini umeletwa. Hawajui. Kila mmoja ana hofu hiyo hiyo juu yako. Naanza na benchi kwa sababu siku ile nilitamani nimpate mtu mmoja tu aliyewahi kuingia katika jengo lile na kutoka, aniambie kulivyo ndani, na sikumpata. Basi nakuambia mimi. Niliingia, nikakaa, nikatoka. Niliogopa karibu muda wote, na sitakudanganya kwamba hofu imekwisha.

Naitwa Odeta. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, Tanzania, nikarudi Burundi nikiwa msichana mdogo. Nasema nikarudi kama wasemavyo wote, ingawa mahali niliporudi sikuwa nimewahi kupaona: kilima kimoja cha Gashoho, mkoani Muyinga, chenye migomba ambayo mama aliisalimia kwa kuigusa. Baba alibaki kwenye makaburi ya kambi. Baadaye nilikuja Gitega kusoma, nikakaa kwa kaka yangu Desire, dereva wa pikipiki. Jumamosi nilikutana na vijana wenzangu katika darasa tupu, tukisomeana hadithi tulizoandika. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, nayo niliikimbilia kama mtu anayechota maji akijua bomba linakaribia kukatwa.

Kiangazi kimoja, vumbi likiwa limeyafunika majani ya mikalitusi, nilianza kusikia nyayo nyuma ya nyumba ya Desire. Watu wengi, wanatembea upesi bila kusema. Nilitoka kutazama, nikakuta kamba ya nguo na kuku wa jirani. Nikirudi ndani, nyayo zikarudi. Halafu ikaja sauti. Haikupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu mzima anayekutakia mema, na ilisema jambo moja tu: ondoka kabla hawajafika.

Sikuuliza ni kina nani. Mtoto wa wakimbizi haulizi.

Mwanzoni nilidhani kuondoka maana yake ni safari. Nikawa nalala na viatu. Kadiri siku zilivyokwenda, sauti ilinifahamisha kwamba safari inayoisema haina njia wala mji wa kufikia, ni kutokuwepo tu. Nilipolielewa hilo niliacha kula. Mke wa Desire akawa anawaita watoto wake kila wanaponisogelea. Simlaumu, hata mimi ningewaita.

Desire alimpigia simu mama. Akaja kutoka Gashoho na mkeka wake, na mzigo aliouzungushia kitenge. Kesho yake tulipanda pikipiki watatu, mimi katikati kama gunia la mihogo, mama nyuma amenishika kiuno, mzigo umebanwa baina ya mgongo wangu na tumbo lake. Pale kwenye benchi wakaanza kubishana, wakidhani sisikii.

"Mama, hii ni hospitali ya wazimu," Desire alisema. "Watu wa mtaani wakijua, mi nitapitia wapi? Twende kwanza kwa wachungaji, wamuombee."

"Watu wa mtaani ndio waliokuzaa?"

"Sisemi hivyo."

"Unasema nini basi? Tumemwombea tangu nilipofika jana. Mungu ametusikia, ndiyo maana ametuleta kwenye benchi hili. Kaa."

Desire akakaa. Alikuwa amevaa kofia ya pikipiki, hakuivua mpaka tulipoitwa.

Watu wa Gashoho walikuwa wanapanda maharage ya mvua za kwanza. Nakumbuka kwa sababu mama alikuwa na udongo mweusi kwenye kucha.

Chumba walichonipa kilikuwa kipya. Muuguzi mkuu, Sista Consolate, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, alitusimamisha mlangoni akakieleza kama mtu anayekueleza habari za mtoto wake.

"Hii chambre tumeitengeneza isikuumize," aliniambia. "Kila kitu yenye ingeweza kukuumiza, tumekitoa. We utafanya kazi moja tu, kupumzika."

Kuta zilikutana bila kona. Fundi alikuwa ameziviringa, mkono ukipapasa hauoni mahali ukuta mmoja unapoishia. Kitanda kilikuwa cha zege, kimejengwa pamoja na sakafu, juu yake godoro. Taa ilikuwa imezama ndani ya dari. Dirisha lilikuwa juu, la kioo kisichovunjika, linaonyesha anga tu. Mlango ulifunguka kwa nje ili mgonjwa asiweze kujifungia. Hapakuwa na meza, kiti, wala msumari wa kutundikia hata rozari. Nilijua wamefanya hivyo kwa huruma. Lakini mwili haujui huruma ya mafundi. Mwili wangu ulijiona umewekwa ndani ya yai, na nje ya yai kuna watu wanatembea.

Mama alikizunguka chumba kwa macho.

"Mlango wa pili uko wapi?" aliuliza.

"Hakuna, mukecuru. Ni huu moja." Mukecuru ni neno letu la kumheshimu mama mzee.

"Na huu ukizibwa?"

"Nani atauziba?"

Mama alitandika mkeka wake karibu na ukuta, akaweka mzigo juu yake, akaukalia.

Katika hospitali zetu mgonjwa hakai peke yake. Ndugu mmoja hulala naye, humpikia, humfulia, humwogesha, tunamwita mrwaza. Mama alikuwa mrwaza wangu. Sista Consolate aliwakusanya warwaza wote barazani akawasomea sheria: mkeka ruhusa, nguo za mgonjwa ruhusa, sahani na vikombe vya plastiki ruhusa, chakula ruhusa. Vingine vyote vinabaki kwenye lango. Atakayekutwa ameingiza kisichoruhusiwa anarudi kwao siku hiyo hiyo, na harudi tena. Walikagua mifuko, wakapekua mashuka, wakaingiza mikono ndani ya ndoo. Mama alikuwa ameukalia mzigo wake, miguu ameinyoosha, kitenge kimefunika kila kitu. Yule muuguzi kijana aliyekagua chumba chetu alimsalimia kwa mikono miwili, akauliza habari za Gashoho, akaenda. Kwetu hakuna kijana anayemwambia mama mzee inuka nione ulichokikalia.

Ng'ambo ya ukumbi, mlango ukitazamana na wetu, alikuwepo Mwajuma, mshona nguo wa mtaa wa Waswahili, aliyekuwa ameingia na kutoka hospitalini hapo kwa miaka. Alinichokoza tangu siku ya kwanza.

"We mutoto, mbona unasemaka kama redio ya Tanzania? 'Naomba maji ya kunywa, tafadhali.' Hapa hautapata. Sema 'lete mayi!'"

"Lete mayi," nilisema.

"Voilà. Sasa uko muburundi." Kisha akanyoosha shingo kukitazama chumba changu. "Chambre yako iko muzuri sana. Ni vile tu hata nzi haipate fasi ya kukaa."

Sindano ya kwanza ilinifanya mzito. Ulimi ulijaa mdomoni, mate yakalowesha godoro, nikawa naamka nikiwa nimechoka kama niliyelima. Halafu miguu ikaanza kukataa kutulia. Nilitembea ukutani, nikizunguka, kiganja kikiteleza juu ya ule ukuta usio na kona, mpaka mama akasema kichwa kinamzunguka. Nyayo za nyuma ya nyumba zilikuwa zimenifuata, ila sasa zilikuwa mbali kidogo, kama watu wamefika kilima cha pili.

Mvua ya Gitega hupenda mchana. Siku moja, baada ya chakula, ilianza kupiga bati mpaka hatukusikiana. Mama alikuwa anajiandaa kwenda kwenye jiko la warwaza, banda lililo nyuma ya majengo, kubandika maharage ya jioni. Alisogeza mdomo sikioni kwangu.

"Odeta. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Huu uko hapa." Aligusa mzigo. "Mimi nikiwa jikoni, wakija, usinitafute. Usiniite, watakusikia. Chukua huu, shika njia ya Muyinga. Nitakukuta mbele."

Akaufunika kwa pembe ya mkeka, akatoka.

Sikuhitaji kuufungua. Kila nyumba ya watu waliorudi ina mzigo kama ule. Wetu ulikaa nyuma ya mlango Gashoho, na mama aliukagua kila Jumapili baada ya kanisa. Ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho mwanamke aliyewahi kukimbia anaamini kinaweza kumwokoa mtu njiani. Sitavitaja. Anayesoma kurasa hizi huenda yuko pale nilipokuwa mimi, na sitaki kumwekea chochote mbele ya macho. Elewa tu kwamba kila kilichoondolewa katika chumba kile kwa uangalifu wa watu wengi, mama alikuwa amekirudisha kwa upendo.

Elewa na hili pia, maana ndilo lililonitia hofu kuliko mzigo wenyewe. Sauti ilikuwa inaniambia niondoke kabla hawajafika. Na sasa mama yangu mzazi, mtu pekee niliyemwamini kuliko akili yangu, alikuwa ameniambia vivyo hivyo, na kuniachia vya safari.

Nilikwenda kukaa kwenye kitanda, mgongo nimeubana ukutani, mbali na mkeka kadiri chumba kilivyoruhusu. Nilimngoja mama arudi. Aliporudi alinipa maharage, nikala, akafurahi.

Ikawa hivyo mchana baada ya mchana, mvua ikinyesha. Nilikuwa najua dawa ya jambo lile: kumwambia Sista Consolate. Lakini nikimwambia, mama anarudishwa Gashoho siku hiyo hiyo, na mimi nabaki ndani ya yai na sauti yangu. Nisipomwambia, nabaki na mzigo. Nililipima jambo hilo mpaka sindano ya pili ikanikuta bado nalipima. Mikono ilianza kutetemeka. Uso ulinivimba, niliuona kwenye maji ya ndoo nikadhani ni wa shangazi. Damu ya mwezi haikuja. Njaa ya dawa ilinishika nikawa nakula bugali wangu na kumaliza wa mama, naye akawaambia warwaza wenzake jikoni kwamba mwanawe anapona, ona anavyokula, ona alivyotulia. Nilikuwa nimetulia kama mtu aliyebeba chungu kichwani.

Kulikuwa na vitu vidogo vilivyonishika mkono. Binti ya Mwajuma, aliyekuwa mrwaza wake, alinisuka nywele barazani jua likitoka. Desire alikuja kila Jumapili, amevua kofia sasa, akaniletea maembe na masengenyo ya abiria wake. Na Sista Consolate alikuwa hafungui mlango bila kusema kwanza kwa sauti, kutoka ukumbini: "Ni mi, Consolate, ninakuja." Huwezi kujua jambo hilo lina thamani gani mpaka uwe mtu anayengoja wasiojulikana.

Siku yenyewe ilikuwa kama nyingine. Mvua, bati, mama jikoni. Nilikuwa kitandani, mgongo ukutani. Halafu nikajikuta nimesimama katikati ya chumba. Sikumbuki kushuka kitandani. Sikumbuki kupiga hatua. Nyayo za nje zilikuwa zimekoma kabisa, kama watu wamesimama kunisubiri, na miguu yangu, ile isiyojua kutulia, ilikuwa imetulia, imeelekea kwenye mkeka.

Nilipiga kelele. Mama alikuwa amenikataza kumwita, na hata katika saa ile nilimtii. Nilimwita Mwajuma.

"Niko!" alijibu ng'ambo. "Iko nini?"

"Njoo!"

"Nitakuja namna gani? Mi pia ni mugonjwa, mlango si yangu!"

"Njoo, naogopa!"

Kisha sauti ya Mwajuma, ambayo miaka ya kuita wateja sokoni ilikuwa imeitayarisha, ikapasua mvua: "Sista ee! Consolate! Mutoto anaita! Mutoto ya Tanzania anaita, acheni chai!"

Hata sasa sijui kwa nini nilicheka. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja mlango ulipofunguka. "Ni mi, Consolate," alisema, akihema, ameloa.

Nilionyesha mkeka kwa kidole. "Uondoe ule."

Alitazama. Alifunua pembe ya mkeka, akauona mzigo, hakuufungua. "Ni ya nani?"

"Wa mama. Usimfukuze. Ukimfukuza nitabaki na nani?"

Aliniuliza swali jingine, waziwazi, kama nilikuwa na mawazo ya kujiua. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo kwa neno lake lenyewe. Nilijibu ndiyo, na dunia haikupasuka. Alikaa sakafuni, akaniketisha ubavuni kwake, tukamsubiri mama hivyo, mabega yamegusana.

Mama aliingia na bakuli la plastiki. Akamwona Consolate, akauona mkeka umefunuliwa, akanitazama.

"Umesema."

"Nimesema, mama."

Aliweka bakuli chini pole pole, asimwage. Halafu akaenda akaukalia mzigo wake, akavuta kitenge magotini.

"Uchukue basi, Sista," alisema. "Nyanyua kama una nguvu."

"Siwezi kukunyanyua, mukecuru. Mi nauliza tu, unaogopa nani?"

"Wewe mwaka ule tulipokimbia ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mugongoni ya mama yangu," Consolate alisema.

Mvua ilikuwa imepungua. Mama aliyatazama mabega ya mwanamke yule kama anayatafutia alama ya mbeleko. Kisha akasimulia, akimwambia yeye, si mimi, jambo ambalo maisha yangu yote sikuwahi kulisikia. Kabla ya Desire kulikuwa na mtoto. Walitoka nyumbani bila kitu, mikono mitupu, mvua ikinyesha kama ile. Walimfunika kwa majani ya mgomba. Hakuufikia mpaka. "Alikuwa anaitwa Fidele," mama alisema. "Nikaapa. Mtoto wangu mwingine hatatoka mikono mitupu."

Niliona sasa kwamba ndani ya chumba kile tulikuwa wagonjwa wawili, na sindano anapewa mmoja.

"Mama," nilisema. Ulimi ulikuwa mzito, nikalazimika kuyatoa maneno moja moja. "Sauti ninayoisikia inasema kama wewe. Inasema niondoke kabla hawajafika. Safari inayonitakia ni kufa. Ukiniachia mzigo, inaniambia kila kitu kiko tayari."

Mama alinitazama muda mrefu. Niliona neno likimwingia, likishuka, likifika. Halafu yule ambaye hakuna kijana angethubutu kumwambia ainuke, akainuka. Aliuchukua mzigo kwa mikono miwili, akampa Consolate kama mtu anavyokabidhi mtoto aliyelala.

Usidhani hofu iliishia hapo. Sheria ilikuwa sheria, na jambo lilipaswa kufika kwa daktari mkuu. Tulingoja jibu mpaka kesho yake, mama amekunja mkeka tayari, amevaa viatu. Mwajuma alituma salamu kutoka ng'ambo kwamba wakimfukuza mama, yeye atagoma kumeza vidonge na atawaimbia usiku kucha. Daktari alipotuita, alimwuliza mama maswali mengi kumhusu yeye mwenyewe: analala vipi, anaota nini. Mama alibaki. Mzigo ukaenda kwenye stoo ya wauguzi.

Na mama akaacha kula. Alikaa akitazama mlango. Asipouona mzigo alikuwa kama aliyeachwa njiani. Ndipo Consolate alipoburuta kabati moja kuukuu la chuma mpaka ukumbini, mbele ya mlango wetu, akaufungia mzigo humo, akampa mama ufunguo auvae shingoni, kwa ahadi kwamba hatalifungua ila akiwa naye. Mchana wakaacha mlango wazi, muuguzi akikaa karibu. Mama akahamishia mkeka kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje, huku ananiona mimi, huku analiona kabati. Jioni ya siku hiyo alikula.

Sindano ya tatu ilikuwa imekwisha kunikuta walipoanza kujenga jengo la pili. Consolate aliwaita warwaza kwenye banda la jiko, pamoja na mjenzi na michoro yake, na wagonjwa tulioweza kukaa tukaruhusiwa. Kisha akawauliza wote.

"Mi sitamfukuza mutu leo. Niambieni kweli. Ninyi mngeficha nini, na mngekificha fasi gani?"

Maharage yalichemka. Kisha mzee mmoja wa Mutaho, mrwaza wa mkewe, akasema amefunga dawa za mitishamba ndani ya soksi, na ndizo alizovaa. Kikapasuka kicheko. Mwingine akataja maji ya baraka kwenye chupa ya mafuta ya kupaka. Binti ya Mwajuma akasema mama yake amemwamuru amletee sindano za kushonea, naye amekataa, "lakini ananuna mpaka leo."

"Msaliti!" Mwajuma alipiga kelele. "Nitakunyima urithi ya cherehani!"

Mjenzi alicheka naye, huku anachora. Aliwauliza wangependa kukaa wapi, wangependa kuona nini. Ndiyo sababu jengo lile la pili lina kabati la kila mrwaza ukumbini, na kiti cha zege kilichojengwa pembeni ya kila mlango, kwa nje, chenye upana wa mtu kunyoosha miguu. Mlango una kioo kirefu, mgonjwa akiwa kitandani anamwona anayekuja kabla hajafika. Mama aliomba mlango wa pili. Mjenzi alimweleza kwa utaratibu kwa nini haiwezekani. Mama akafikiri.

"Basi pakeni rangi njia ya kutokea," alisema. "Mtu aione akiwa amelala."

Wakapaka mstari wa kijani, kutoka miguuni mwa kila kitanda, ukipita ukumbini, mpaka uani kwenye jua.

Nilitoka maharage yale ya mvua za kwanza yakiwa yameng'olewa na kupigwa. Tulirudi Gashoho, na kila mwezi nikawa nashuka Muyinga kuchomwa sindano, kwenye benchi jingine, refu zaidi, la mbao. Mama naye alianza kuonana na mshauri hapo hapo. Alisema anakwenda kunisindikiza tu. Nyumbani alinilinda kama yai la mwisho. Alilala mlangoni kwangu. Alinifuata chooni. Akitoka shambani alianza kuniita akiwa bado mbali, chini kabisa kwenye njia ya migomba, "Odeta! Odeta!", na hakuacha mpaka niitike, na nilijua anachokihofia kila sekunde nisipoitika. Majirani walimcheka kwamba anauza samaki aitwaye Odeta.

Kama uko mahali nilipokuwa, sina mengi ya kukufundisha. Mwite aliye karibu, hata kama naye ni mgonjwa, hata kama mlango si wake. Liseme jambo kwa jina lake. Mtetemeko wa mikono utapungua, si wote. Mimi naandika polepole sasa, ukurasa mmoja kwa asubuhi, na herufi zangu zinaonekana kama zimeandikwa ndani ya gari linalopita barabara mbovu.

Kiangazi kilipofika, siku ya soko, mama alifunga kitenge chake, akachukua kikapu, akasimama mlangoni. Kila siku ya soko alikuwa anamwomba mwanamke wa jirani aje akae nami. Siku ile hakumwita mtu.

"Menya ndizi," aliniambia. "Ubandike. Nakwenda mara moja."

Akaweka kisu cha jikoni juu ya sinia, karibu na mkungu, akaenda. Sikumwona akigeuka.

Niliogopa. Nilitoa sinia uani, nikakaa mahali wapitao njiani wangeniona, nikamenya. Sauti ilikuja, mbali, dhaifu, kama mtu anayesemea kilima kingine. Nikamsalimia kila aliyepita, hata watoto, hata mwanamume mwenye baiskeli ambaye hakuwa na nafasi ya kujibu kwa sababu ya mzigo wa mkaa. Wengine walisimama, tukazungumza kuhusu jua. Nilimenya zote. Niliwasha moto, nikabandika, nikabakiza chache kwenye sinia, nikakaa kusubiri ile "Odeta! Odeta!" ya kutoka chini ya migomba.

Haikuja. Nilisikia kandambili zake uani tu, na alikuwa ameanza kusema kabla hajafika.

"Yule mwanamke wa ndagala ni mwizi! Nusu ndagala, nusu mchanga! Nimemwambia, wewe unatuuzia ziwa zima pamoja na fukwe zake?" Alitua kikapu chenye dagaa hao, akakaa kwenye jiwe, akavua kandambili kuipumzisha miguu. Akaziona ndizi zilizobaki kwenye sinia, zimekatika katika, zimechongoka kila upande kwa mikono yangu inayotetemeka. Akainua moja, akaigeuza geuza juani.

"Na wewe," alisema, "hizi umezimenya kwa meno?"